Madarasa Matupu na Wazee Wetu: Nyumba za Kupanga, Makao ya Uangalizi au Kituo cha Mchana?

Katika kamati ya maendeleo ninayoketi, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega, suala moja limerudi mezani mara tatu. Tuna akademia ambayo bweni lake halina watoto na madarasa yake manne yamefungwa kwa kufuli. Tuna pia wazee wa ushirika ambao watoto wao wako Nairobi, Doha au Boston. Je, tuwape wazee majengo? Kila anayelisikia hukubali papo hapo, kisha kila mmoja huenda zake na picha yake kichwani. Huyu anawaza vyumba vya kupangisha, yule anawaza kitanda na muuguzi, na wa tatu anawaza mahali pa kuketi, kupiga soga na kupimwa presha. Hizo ni kazi tatu zisizofanana hata kidogo, na kamati inayozichanganya huishia kupaka ukuta rangi na kukosa pa kuanzia. Makala haya yanazipanga kando kwa kando kwa ajili ya wamiliki wa shule za kibinafsi, makanisa, vyama vya ustawi na familia zilizo katika njia panda hiyo hiyo, kutoka Nakuru hadi Busia.

Chanzo cha madarasa kubaki matupu kinajulikana. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane, ulifanywa mwaka 2023, watahiniwa wake wakaingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na mwaka 2025 shule za upili hazikupokea kidato cha kwanza, kwa kuwa sekondari msingi (gredi ya 7 hadi ya 9) ilikuwa imewekwa katika shule za msingi tangu 2023. Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, baadhi ya shule ndogo za kutwa zilijikuta na wanafunzi wachache kuliko madawati. Kwa akademia za bweni, tangazo la Wizara ya Elimu mwishoni mwa mwaka 2022, kwamba mabweni ya gredi ya 1 hadi ya 9 yangeondolewa, lilitosha kuwafanya wazazi wa kwetu wafikirie upya, hata pale ambapo halikutekelezwa kikamilifu. Upande wa pili wa mizani, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, karibu asilimia 6 ya watu wote.

Nchi nyingine zimetangulia. Japani, ambako shule takribani 450 hufungwa kila mwaka kwa uhaba wa watoto, Wizara ya Elimu ilianzisha mwaka 2010 mradi wa kuwakutanisha wenye majengo matupu na wenye haja nayo, na baadhi ya majengo hayo sasa yanahudumia wazee. Marekani nako shule kongwe hugeuzwa nyumba za wazee, na miradi hiyo husaidiwa na nafuu ya kodi ya serikali kuu ya asilimia 20 ya gharama ya kukarabati jengo la kihistoria linalotambuliwa, pamoja na nafuu ya nyumba za watu wa kipato cha chini iliyoanza mwaka 1986. Nayataja haya kwa sababu picha za miradi ya namna hiyo huzungushwa sana kwenye WhatsApp bila mtu kusema ni nani aliyelipa. Tena, jengo la matofali la ghorofa tatu lenye mifumo ya maji ndani haliwezi kulinganishwa na safu ya madarasa manne yenye veranda, paa la mabati na choo cha shimo kilicho hatua mia moja kutoka mlangoni.

VIGEZO VITANO

Cha kwanza ni mzee mwenyewe, na ninakiweka mbele kwa makusudi, kwa kuwa kamati nyingi huanza na jengo. Uliza mambo matano: je, anaamka kitandani peke yake, anaoga, anakwenda chooni, anajipikia au kujipakulia, na anakumbuka dawa zake? Kisha uliza la sita, ambalo halimo katika fomu yoyote: je, anataka? Huku kwetu, kumtoa dani au kukhu, yaani bibi kwa Kijaluo na Kiluhya, bomani mwake huonekana kama kumtupa, na yeye mwenyewe huenda akaliona hivyo. Zaidi ya hayo, mjane anayeondoka huacha nyumba na shamba, na si jambo geni kwa mpaka kusogezwa au mti kukatwa wakati mwenyewe hayupo. Mama anayekataa katakata kuhama huenda analinda ardhi kuliko anavyokataa msaada, na hilo ni jibu la busara ambalo kamati haina budi kuliheshimu. Ibara ya 57 ya Katiba inampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Inawataja wote wawili, na familia ikitajwa kwanza.

Cha pili ni jengo. Ukaguzi wa awali ni mmoja kwa njia zote tatu, na unatofautiana kwa mahali. Karibu na Nakuru, maji ya visima virefu mara nyingi huwa na floraidi nyingi. Yapimwe maabara, kwa kuwa kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na mtu atakayeyanywa kwa miaka huathirika mifupa. Katika uwanda wa Kano, udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyufa ndogo ya sakafu ambayo mtoto huiruka ndiyo inayomwangusha bibi wa miaka 80. Kakamega na Kisii zina radi nyingi, kwa hiyo kizuia radi si pambo. Kisumu darasa la mabati lisilo na dari huwa tanuri saa nane mchana, ilhali Nakuru, iliyo juu zaidi kwa takribani mita 700, chumba hicho hicho huwa baridi kali usiku. Mapaa ya zamani ya asbesto yasiguswe na fundi wa kawaida. Huondolewa na mkandarasi mwenye leseni kwa masharti ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Cha tatu ni watu wa kuhudumu na pesa ya kila mwezi. Ukarabati hulipwa mara moja, tena harambee hupenda kuchangia mabati na saruji. Sijawahi kuona harambee ya mshahara wa mlezi wa usiku.

Cha nne ni ardhi na sheria. Shule ya umma si mali ya bodi yake ya usimamizi, wala si ya kanisa lililo mfadhili wake, na matumizi yake hayabadilishwi kwa kauli ya mkutano. Shule ya kibinafsi ina mwenyewe, lakini hati miliki yake huenda imewekwa rehani benki, na benki lazima ikubali. Matumizi ya kiwanja yakibadilika, idhini hutolewa na serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Maendeleo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ikiwa ni ardhi ya kilimo na mnataka kuikodisha au kuiuza, kuna pia kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya eneo.

Cha tano ni uwezekano wa kurudi nyuma. Idadi ya watoto hupanda na kushuka, na mitaala tumeiona ikibadilika. Darasa likivunjwa leo, huenda likatakiwa tena baada ya miaka sita.

NJIA YA KWANZA: MADARASA KUWA NYUMBA NDOGO ZA KUPANGA

Mzee anayelengwa. Ni yule anayejimudu katika mambo yote matano, ila amechoka na nyumba kubwa, ngazi, upweke au usalama mdogo. Mwalimu mstaafu ndiye mfano ninaoujua vizuri: ana pensheni, anapenda majirani wa kuzungumza nao, na hashtuki akisikia kengele. Wenzi wawili pia hufaa hapa, jambo ambalo bweni haliwezi kuwapa. Kwa mjane mwenye shamba, njia hii ina kasoro ile niliyoitaja. Lakini nimeona familia ikitafuta suluhisho la kati, ambapo mama hukaa kwenye nyumba ya kupanga siku za wiki na kurudi bomani mwishoni mwa juma, huku kijana wa ukoo akiishi pale kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya chifu.

Jengo. Darasa la kawaida lina takribani mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Linaweza kuwa nyumba moja ya vyumba viwili au bedsita mbili za mita za mraba 24 kila moja. Ugumu hauko kwenye kuta. Uko kwenye maji. Sakafu ya darasa haikujengwa na mabomba chini yake, kwa hiyo mafundi ama huikata sakafu ama huyapitisha mabomba nje kwenye ukuta wa nyuma. Njia ya pili ni nafuu, mradi mabafu ya nyumba mbili yapangwe mgongo kwa mgongo ili yatumie bomba moja. Baadaye huja maji taka: mji wa Kisumu na wa Nakuru ina mifereji inayofikia sehemu tu za mji, na nje yake mtahitaji tangi la maji taka lenye ukubwa wa watu wanaoishi pale mchana na usiku. Kuta za kugawanya darasa zisiishie chini ya paa kama ilivyo desturi ya shule, la sivyo kikohozi cha jirani kitasikika nyumba ya tatu. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, mlango wa bafu ufunguke kwa nje ili mtu akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake, na kiwe choo cha kukaa chenye vishikio. Veranda ya shule huwa na ngazi mbili au tatu. Mteremko wa kiti cha magurudumu huhitaji uwiano wa 1 kwa 12, kwa hiyo kimo cha sentimita 45 hudai mteremko wa mita 5.4. Pimeni kabla ya kuchora, kwa sababu mara nyingi mteremko huo huangukia mfereji wa maji ya mvua au shina la mjakaranda.

Watu na pesa ya kila mwezi. Njia hii huhitaji watu wachache: mlinzi, mtunza majengo, na mtu mmoja anayelala hapo mwenye kuitika kengele ya dharura. Kodi ndiyo hulipa mishahara hiyo. Hapo ndipo pa kusema ukweli mchungu: fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kwa walio na miaka 70 na zaidi ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mzee asiye na kingine hataimudu kodi inayoweza kurudisha gharama ya mabafu. Bila ruzuku ya kanisa, kaunti au watoto wake, nyumba hizi zitakuwa za wenye pensheni. Si aibu, ila isemwe wazi kabla ya kuchangisha kwa jina la maskini.

Ardhi na sheria. Hapa badiliko la matumizi ni kamili, kutoka elimu hadi makazi, kwa hiyo msitarajie njia ya mkato. Wapangaji wawe na mikataba iliyoandikwa, na kila nyumba iwe na mita yake ya umeme ya tokeni.

Kurudi nyuma. Ni vigumu. Sakafu zilizokatwa na kuta zilizojengwa hazirudi kuwa darasa bila kulipa mara ya pili.

Inamfaa nani. Mmiliki wa kibinafsi mwenye hati safi, madarasa katika safu moja, maji ya uhakika, na mahali palipo karibu na mji, soko na hospitali.

NJIA YA PILI: BWENI KUWA MAKAO YA UANGALIZI

Mzee anayelengwa. Ni yule ambaye familia haimwezi tena: aliyepatwa na kiharusi, anayezurura usiku kwa ugonjwa wa kusahau, au anayehitaji kugeuzwa kitandani. Kenya ina makao ya namna hii, na yanayojulikana sana yako upande wa Nairobi, kama Nyumba ya Wazee ya masista wa Little Sisters of the Poor huko Kasarani na makao ya Thogoto. Kwa familia ya Siaya au Bungoma, huko ni mbali mno kumtembelea mtu kila Jumapili, na hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuwa na makao kama hayo hapa.

Jengo. Kwa macho, bweni ndilo rahisi kuliko yote, kwa kuwa tayari ni mahali pa kulala, lina mabafu mwishoni, jiko kubwa na pengine chumba cha wagonjwa. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 ulitaka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia, nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda na mita 2 za njia. Mkikuta bweni lililojengwa kabla ya hapo na lisilorekebishwa, msianze na rangi, anzeni na milango. Kisha mkumbuke kwamba mwongozo huo uliwafikiria vijana wanaoweza kukimbia. Mzee wa kiti cha magurudumu huhitaji nafasi ya mita 1.5 ili ageuke, na moto ukizuka atatolewa na mtu mwingine. Ukiondoa vitanda vya ghorofa, bweni la watoto 60 hubaki na vitanda 30. Ukigawanya vyumba vya watu wawili wawili kwa ajili ya faragha, kwa makadirio yangu utabaki na 16 hivi. Kamati yetu ilipoona hesabu hiyo, nusu ya wanakamati walinyamaza. Kuna waliopendekeza tuwaache wote katika ukumbi mmoja wenye mapazia, na sikukubali: mtu aliyelea watoto saba na kujenga nyumba yake hastahili kubadilishwa nguo mbele ya watu 29.

Watu na pesa ya kila mwezi. Hapa ndipo njia hii husimama au huanguka. Juma lina zamu 21 za saa nane. Sheria ya Ajira humpa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kila juma, kwa hiyo mtu mmoja hufanya zamu 6, na nafasi moja ya mlezi inayojazwa usiku na mchana hudai watu wanne, ukihesabu pia likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kwa wazee 16 wanaohitaji kunyanyuliwa, walezi wawili kwa kila zamu ni kiwango cha chini kabisa, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kumnyanyua mwingine bila kuumiza mgongo wake au ubavu wa mzee. Hao ni wanane, na bado hujamtaja muuguzi, mpishi, mfuaji na mlinzi. Chakula nacho si cha shule: sufuria ya githeri haimfai mtu asiye na meno na mwenye kisukari. Mkijumlisha mishahara hiyo na kuigawa kwa 16, mtapata ada ya kila mzee kabla hata ya dawa. Fanyeni hesabu hiyo kwa mishahara ya mahali penu leo, kabla hamjamwita mkandarasi.

Ardhi na sheria. Zaidi ya badiliko la matumizi, mtahitaji ukaguzi wa moto, ukaguzi wa afisa wa afya ya umma, na leseni ya kituo cha afya iwapo matibabu yatatolewa hapo. Kuna pia jambo ambalo mawakili hulisahau na wazee hulikumbuka: mauti. Katika jamii za huku, mtu huzikwa kwao, na mahali atakapolazwa si suala la makao kuamua. Mkataba wa kumpokea mzee utaje ni nani atakayeitwa kwanza, mwili utapelekwa mochari gani, na nani atalipia gari la kuusafirisha. Pasipo hayo, siku hiyo itawakuta wana wa nyumba mbili wakigombana mlangoni mwenu.

Kurudi nyuma. Jengo hurudi kwa urahisi wa kadiri. Watu hawarudi. Makao yakiishiwa na pesa mwezi wa tisa, huwezi kuwaambia wazee 16 warejee nyumbani kama wanafunzi waliofunga muhula.

Inamfaa nani. Shirika au kanisa lenye chanzo cha pesa cha kudumu, wahudumu waliofunzwa, na eneo lililo dakika chache kutoka hospitali kubwa, kama vile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wakongwe bado wanaiita Russia, au hospitali ya rufaa ya kaunti yenu. Kuwa na bweni tupu pekee si sifa ya kutosha.

NJIA YA TATU: KITUO CHA MCHANA

Mzee anayelengwa. Huyu analala kwake. Hoja ya ardhi huondoka, hoja ya kutupwa huondoka, na anayechelea macho ya majirani husema tu kwamba anakwenda shuleni. Humfaa mzee anayejimudu kwa sehemu, ambaye binti au mkamwana wake huenda sokoni au kazini na kumwacha peke yake kuanzia saa moja asubuhi. Kwa kweli humsaidia mkamwana huyo kuliko anavyosaidiwa mtu mwingine yeyote, na ingekuwa vyema kamati zimuulize, kwa kuwa nadra sana yeye kuwa mmoja wa wanakamati.

Jengo. Madarasa mawili au matatu yaliyo karibu na lango hutosha: moja la kuketi na kula, moja la kupumzika lenye vitanda vichache, na moja la vipimo. Lazima kuwe na choo cha kukaa karibu na mteremko, na viti vyenye migongo na mikono, kwa maana dawati la Gredi ya 3 halimfai mtu yeyote mwenye magoti. Uwanja uliobaki hugeuka bustani ya saga, kunde na mrenda, na hapo ndipo utagundua kwamba wazee wenyewe ndio walimu.

Watu na pesa ya kila mwezi. Kituo kinachofunguliwa siku tano kina zamu 5 kwa juma mahali pa 21, yaani chini ya robo. Vipimo vya presha na sukari vinaweza kufanywa kwa ushirikiano na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba yenye vifaa hivyo. Wazee wasaidiwe kujisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ili zahanati ya jirani iwahudumie. Kikwazo kikubwa ni usafiri. Mzee wa miaka 80 hapandishwi boda boda kwenye barabara ya udongo wa Vihiga mwezi wa Aprili. Ama mkodishe matatu ya asubuhi na jioni, ama mkubali kwamba kituo kitahudumia wanaoweza kufika kwa miguu, na gharama ya hiyo matatu huenda ikazidi ya chakula. Kituo hakiingizi kodi. Huishi kwa michango midogo na ufadhili.

Ardhi na sheria. Shule inayoendelea na masomo inaweza kuwa na kituo upande mmoja kwa makubaliano ya bodi na Wizara, na hii ndiyo njia pekee kati ya tatu ambayo naona shule ya umma inaweza kuijaribu bila kujiingiza katika mgogoro wa ardhi. Liwepo lango la pili, na kuwe na taratibu za kulinda watoto zinazowahusu wageni wote, wazee wakiwemo. Faida nayo ipo: katika mtaala mpya wanafunzi wa sekondari ya juu hujifunza kwa kuihudumia jamii, na kumsomea mzee gazeti au kunakili hadithi zake ni kazi ya maana kuliko kuokota karatasi uwanjani.

Kurudi nyuma. Ni rahisi mno: rudisheni madawati.

Inamfaa nani. Shule iliyo kijijini au mtaani penye wazee wengi karibu karibu, yenye madarasa machache tu matupu, na kamati ambayo bado haijawahi kuendesha huduma yoyote ya wazee. Haimfai mzee anayehitaji mtu usiku, na kituo kisijidai kwamba kinamfaa.

KULINGANA NA HALI YENU

Ikiwa mna akademia ya kibinafsi viungani mwa Nakuru au Kisumu, hati haina deni, na watu wanaoulizia ni wastaafu wenye pensheni, nyumba za kupanga ndizo zitakazojilipia. Anzeni na darasa moja, mkae nalo mwaka mzima wa mvua na wa jua, ndipo mguse la pili.

Ikiwa wanaowajia ni watoto waliochoka kuwageuza wazazi wao usiku, nyumba za kupanga hazitawasaidia hata zikiwa nzuri vipi. Fanyeni hesabu ya zamu, muitazame ada inayotokea, kisha muwaulize watoto hao kama wataweza kuilipa kwa miaka mitano mfululizo. Wakisita, zungumzeni na shirika lenye uzoefu likodishe bweni na kuliendesha lenyewe, ninyi mkabaki wenye jengo.

Ikiwa ni shule ya umma, au shule ambayo hati yake inagombaniwa baina ya kanisa na jamii, kituo cha mchana ndicho kisichofunga mlango wowote. Vivyo hivyo kwa shule ambayo gredi zake zinaweza kujaa tena.

Ikiwa wazee wenu ni wajane walio na mashamba madogo, kama ilivyo sehemu kubwa ya Vihiga na Kisii, msiwahamishe. Wapokeeni mchana, na pesa ambazo zingegharimia mabafu ya darasani zitengeneze choo cha kukaa na vishikio katika boma la kila mmoja wao.

Na ikiwa mzee ni mmoja tu, mama yenu, na shule tupu ni ya familia, mnaweza kujaribu bila mhandisi wala kibali cha makazi: mleteni mchana mara tatu kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, mpikieni huko, mwacheni arudi kulala kwake, na siku ya kuamua yeye ndiye awe wa kwanza kuulizwa. Katika kamati yetu tulipowauliza wazee ishirini na wawili wa ushirika, kumi na saba walitaka kituo, wanne walitaka nyumba, na mmoja, mzee aliyekuwa mwalimu mkuu, alitaka kujua kama kengele bado ipo na ni nani atakayekuwa akiigonga.